Duara, daftari, mdahalo au rekodi: watoto watoe vipi maoni yao kuhusu vitabu vya zamani?

Mwulize mtoto wa P5 (darasa la tano la msingi) kitabu alichomaliza jana kilikuwaje. Atakwambia, "Kizuri, mwalimu." Mwulize uzuri wake uko wapi, ataanza kukusimulia kutoka ukurasa wa kwanza mpaka kengele ilie. Jibu la kwanza ni adabu, la pili ni muhtasari. Maoni bado hayajatoka.

Si kwamba hana. Msikilize akiwa njiani kurudi nyumbani na wenzake: fulani mjinga, fulani kaonewa, mwisho wa hadithi ni uongo mtupu. Kinachomziba mdomo darasani ni namna tunavyoyaomba hayo maoni. Walimu wa vilabu vya kusoma na wakutubi wa maktaba za vijijini hapa Uganda wana njia nne wanazoweza kuzianza kesho bila kuomba bajeti kwa mtu: duara la mazungumzo, daftari la kuzunguka, mdahalo, na rekodi ya sauti kwa simu. Kila njia humpa nafasi mtoto wa aina fulani na kumnyima mwingine, kwa hiyo kabla ya kuchagua sharti ujue una watoto wangapi, nakala ngapi na muda kiasi gani.

Vigezo tulivyotumia

Njia zote nne zimepimwa kwa mambo yale yale. Kwanza nakala na vifaa: inafanya kazi kama kitabu ni kimoja kwa watoto arobaini? Pili muda, tukichukulia kipindi cha dakika 40. Tatu mtoto mkimya, maana msemaji hodari atasikika kwa njia yoyote ile. Nne lugha, kwa kuwa darasa moja la Kampala linaweza kuwa na Luganda, Runyankore na Kiswahili cha Kongo kwenye dawati moja. Tano kinachobaki baada ya watoto kutawanyika. Mwisho, huharibika wapi, na kwa nini. Gharama hatukuipa kigezo chake kwa sababu kitu ghali kuliko vyote ni kitabu chenyewe, nacho kinahitajika kote.

Kabla ya yote: mmesoma kitabu kimoja?

Vitabu vya zamani vina mtego ambao vipya havina. Watoto wawili wanaweza kubishana mpaka machozi kama jambo fulani lilitokea au halikutokea, na wote wawili wakawa wanasema kweli: mmoja kasoma kitabu kamili, mwenzake kasoma toleo lililofupishwa kwa wanaojifunza Kiingereza, ambalo vipande vizima vimekatwa na mwisho umelainishwa. Fungua ukurasa wa hakimiliki utazame kama kimesimuliwa upya au kimefupishwa, kisha linganisha idadi ya sura. Hadithi ya Lewis Carroll kuhusu Alice, kwa mfano, ina sura 12 katika Kiingereza chake cha mwaka 1865. Ukikuta sita, hicho ni kitabu kingine.

Tofauti hiyo ikijulikana mapema inageuka mtaji. Kitabu hichohicho kina tafsiri mbili za Kiswahili, Elisi Katika Nchi ya Ajabu ya mwaka 1940 na Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu ya 2015. Chukua aya moja kutoka kila tafsiri, ziandike ubaoni bila miaka, uliza ipi wangemsomea mdogo wao. Hapo hata mtoto asiyependa kusoma atakuwa na la kusema, kwa sababu anapima maneno yaliyo mbele ya macho yake.

Kuhusu kurudufu: Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Carroll alifariki 1898, kwa hiyo Kiingereza chake unaweza kukitoa kopi bila hofu. Tafsiri ya 2015 ina mwenyewe. Vitabu vya Moses vya Barbara Kimenye, vile vya mvulana mtundu wa shule ya bweni vilivyoanza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1960, navyo bado vinalindwa, maana mwandishi alifariki 2012.

Na kama nakala ni moja tu, isomwe kwa sauti. Mtu mzima anayesomea watoto na kusimama kidogo kuonyesha picha huenda maneno 100 hivi kwa dakika. Dakika 15 kwa siku ni maneno 1,500. Kitabu cha maneno 30,000 kitakwisha kwa siku 20 za shule, yaani wiki nne. Kwa muhula wa wiki 12 hivi, panga kitabu kimoja na maoni yake kwa utulivu, au viwili kwa haraka. Anayepanga vitatu huishia katikati ya cha pili.

Duara la mazungumzo

Nakala na vifaa. Nakala moja kwa watoto wawili inatosha. Hata moja kwa wote inatosha kama mmesoma kwa sauti. Vifaa ni mkeka, kifuniko cha ndoo na konzi ya maharage. Maharage tutayafikia.

Muda. Piga hesabu kwanza. Katika dakika 40, kukaa na kusoma tena kipande mtakachokijadili kunakula 10. Zinabaki 30. Watoto 10 wanapata dakika tatu kila mmoja. Watoto 40 wanapata sekunde 45 kila mmoja kwenye karatasi, na kwa kweli watano wanachukua zote. Kwa hiyo duara ni la watoto 8 hadi 10, mwisho 12. Ukiwa na darasa kubwa, weka duara ndani ya duara: wanane wanazungumza katikati, waliozunguka nje wanasikiliza, kila mmoja akiandika sentensi moja aliyoisikia ambayo hakubaliani nayo. Baada ya dakika 12, wanane wengine wanaingia. Bila ile kazi ya kuandika, duara la nje linageuka soko.

Usijaribu kupanga duara kwa madawati mazito ya watoto watatu. Kuyaburuta ni dakika 10 na kelele kwa darasa la jirani. Nendeni chini ya mwembe, ila msikae upande wa jikoni karibu na saa ya uji. Hakuna mwandishi aliyewahi kushindana na uji akashinda.

Mtoto mkimya. Hapa ndipo maharage yanapofanya kazi. Kila mtoto anapewa punje tatu. Akisema, anatupa moja kwenye kifuniko kilicho katikati. Zikimwishia, anasikiliza mpaka kila mmoja awe ametumia angalau moja. Katika dakika tano za kwanza wasemaji wakuu watafilisika, halafu kitaingia kimya kizito. Usikijaze. Hesabu moyoni hadi ishirini. Mtu mzima asiyezoea huvunjika kwenye saba na kuuliza swali jingine, na hapo ameshamwokoa mtoto aliyekuwa anakaribia kufungua mdomo. Atakayesema baada ya kimya hicho huenda akasema kwa sauti ndogo sana. Mtu asimwambie "paza sauti", wenzake wasogee.

Lugha. Mtaala wetu unafundisha P1 hadi P3 kwa lugha ya eneo na kuhamia Kiingereza kupitia P4, kwa hiyo mtoto wa P4 au P5 anaweza kuwa na wazo la mtu mzima ndani ya Kiingereza cha mtoto mchanga. Ruhusu lugha yoyote kwa dakika 10 za kwanza, jirani atafsiri kwa sentensi moja. Wale waliozoea kuadhibiwa kwa kusema lugha ya nyumbani shuleni hawataamini siku ya kwanza. Wataamini wiki ya tatu, mwalimu mwenyewe akianza kwa lugha yake.

Kinachobaki. Kidogo sana, labda uwe na katibu anayeandika sentensi tano kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani.

Huharibika wapi. Mara nyingi kwa mwalimu. Akisema "vizuri sana" baada ya kila kauli, shingo zote zinamgeukia yeye na kila mtoto anatafuta "vizuri sana" yake. Dawa ni kukaa chini kama wao, macho kwenye daftari lake, akiandika wanayosema. Kosa la pili ni "nakubaliana na mwenzangu". Iruhusu, lakini anayeitumia ataje ukurasa ambao mwenzake hakuutaja.

Kosa la tatu ndilo zito: swali bovu. "Umependa nini?" huzaa orodha. Afadhali "Ungefuta ukurasa upi, na hadithi ingepungukiwa nini?" Au "Ni wapi uliacha kuamini?" Au "Kitabu hiki usingempa nani?" Chukua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Uliza kama Adili ni mtu mwema, utapata "ndiyooo" ya kwaya. Uliza kama mtu anaweza kuwa mwema na huku kila usiku anawacharaza nyani wawili bakora, duara litapasuka katikati, kwa sababu anawapiga kwa amri ya jini, na nyani hao ni ndugu zake waliogeuzwa. Watoto wanaoijua fimbo watakuwa na mengi ya kusema kuliko mwalimu alivyotarajia, ingawa sheria ya watoto iliyorekebishwa 2016 inakataza viboko shuleni.

Inamfaa nani. Klabu ndogo inayokutana kila wiki na watoto walewale, kuanzia P4, chini ya mtu mzima anayeweza kunyamaza.

Daftari la kuzunguka

Nakala na vifaa. Kaunta buku moja kwa kila kitabu, na viwili vinatembea pamoja: anayeazima kitabu anaondoka na daftari lake. Kalamu ifungwe kwa uzi kwenye jalada. Vyote viingie ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) nene, kwa ajili ya mvua ya njiani, na kwa ajili ya chai ya nyumbani ambayo huharibu karatasi kuliko mvua.

Muda. Wa darasani, karibu hakuna. Wa kalenda, mwingi, na hapo ndipo watu hukosea hesabu. Mtoto akikaa na daftari siku tatu, watoto 40 wanahitaji siku 120. Muhula mzima hauzidi 90 hivi, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Daftari moja basi litaacha robo ya darasa bila kufikiwa. Madaftari manne yanazunguka kwa siku 30.

Mtoto mkimya. Hii ndiyo njia yake. Anaandika usiku, peke yake, bila anayemtazama. Wapo watoto ambao mwaka mzima hawajanyoosha mkono lakini daftarini wanajaza ukurasa na kugeuza wa pili. Kwa upande mwingine, asiyeweza kuandika vizuri anaumia mara mbili, maana udhaifu wake unabaki kwenye karatasi wenzake wausome. Mruhusu achore, au amsimulie mwenzake aandike na wote wawili watie majina.

Lugha. Chochote anachoandika kwa urahisi. Kwa Luganda au Lugbara anayefuata atapata wa kumsomea. Na kama shuleni kwenu hakuna wa kuisoma lugha hiyo, mwandishi mwenyewe aongeze mstari mmoja wa Kiswahili au Kiingereza chini yake.

Kinachobaki. Kila kitu. Daftari la mwaka huu likibaki na kitabu rafuni, P5 wa mwakani wanakuta maoni ya dada zao na kuanza kuyapinga. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayofanya hivyo.

Namna ya kulipanga. Ukurasa wa kushoto ni wa maoni, wa kulia ni wa majibu. Juu kushoto mtoto anaandika jina lake la kwanza, tarehe, na ukurasa aliofikia. Hilo la ukurasa lisiachwe: mtu aliyefika ukurasa wa 30 ana haki ya maoni, na mara nyingi maoni yake ni makali kuliko ya aliyemaliza, kwa sababu bado hajui kama mhusika atajirekebisha. Kisha mistari isiyozidi minane. Mwisho, swali moja kwa anayefuata. Anayefuata anajibu swali kulia kabla ya kufungua ukurasa wake. Maoni kuhusu mwisho wa hadithi yanaandikwa kutoka nyuma ya daftari, likiwa limepinduliwa, ili asiyefika asikutane nayo kwa bahati mbaya.

Huharibika wapi. Kwa kalamu nyekundu. Siku mwalimu atakaposahihisha tahajia ya mtoto mmoja, waliobaki 39 watahamia kwenye sentensi wanazoziweza bila kosa, nazo ni tatu: kitabu kizuri, kina picha, nimekipenda. Hilo si uvivu. Mtoto ameona kinachopimwa, akajilinda. Mwalimu akitaka kuonekana ameingia, aandike ukurasa wake kama mtoto mwingine yeyote, na akubali kupingwa upande wa kulia.

Tatizo la pili ni kunakili. Watoto watatu mfululizo wakiandika maneno yaleyale, bana kurasa zilizotangulia kwa vibanio vya nguo mpaka mtu aandike ya kwake. La tatu ni kupotea. Mteue mtoto mmoja kuwa mtunza daftari, mwenye orodha ya nani analo na linarudi siku gani. Akibadilishwa kila wiki mbili, kazi haimchoshi na wala haimpandi kichwani.

Inamfaa nani. Maktaba ya kijiji ambako watoto huja kwa siku tofauti, shule yenye ratiba iliyojaa, na mzazi mwenye watoto wawili watatu nyumbani.

Mdahalo

Nakala na vifaa. Nakala sita zinatosha darasa la themanini, kwa kuwa wanaohitaji kitabu mkononi ni wazungumzaji. Wengine lazima wawe wamekisikia kikisomwa. Vifaa ni saa na kengele, au sahani na kijiko.

Muda. Kipindi kimoja cha maandalizi, kimoja cha mdahalo. Wazungumzaji watatu kila upande kwa dakika tatu tatu ni dakika 18; ukumbi dakika 12; kura na matangazo tano. Zinabaki tano za kuchelewa kuanza, na zitatumika.

Mtoto mkimya. Atakuwa mtunza saa. Tuseme ukweli, mdahalo haukutengenezwa kwa ajili yake. Kinachomwokoa ni kura, na tutaieleza.

Lugha. Shule zetu zinaujua mdahalo wa Kiingereza kwa moyo, pamoja na Mheshimiwa Mwenyekiti wake na hoja za taarifa. Kwa Kiswahili ni chombo kizuri cha S1 na S2 (kidato cha kwanza na cha pili), hasa sasa: Baraza la Mawaziri lilipitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Andika ubaoni misemo mitano ya kushikilia: "Napinga kwa sababu", "Tazameni ukurasa wa", "Mwenzangu amesahau kwamba", "Nakubali hilo, lakini", "Naomba kuuliza". Mwanafunzi mwenye hiyo mitano anaweza kusimama dakika mbili bila kukwama.

Kinachobaki. Kura mbili na hoja za katibu.

Huharibika wapi. Mtoto anatetea upande aliopangiwa, si anaouamini. Ukiishia kwenye makofi, umepata ushindani wa sauti na hukupata maoni ya mtu yeyote. Kwa hiyo piga kura ya siri mara mbili: kabla ya wa kwanza kusema, na baada ya wa mwisho kukaa. Vipande vya karatasi, ndiyo au hapana, na nyuma yake kila mmoja aandike sentensi iliyomgeuza au iliyomwimarisha. Hesabu waliohama. Upande uliohamisha watu wengi ndio ulioshawishi, hata kama ulipigiwa makofi machache. Zile sentensi za nyuma ya kura ndizo maoni uliyoyatafuta, na yule mtunza saa ameandika yake.

Hoja yenyewe inahitaji uangalifu. "Kitabu hiki ni kizuri" haijadiliki. Jadili uamuzi wa mhusika: "Ndugu zake Adili walistahili kusamehewa", au, kwa wasomaji wa Moses, "Mwanafunzi mtundu ni kosa la shule". Na kila mzungumzaji ataje angalau kurasa mbili. Asipotaja, mwenyekiti anamkalisha. Bila kanuni hiyo, baada ya mzungumzaji wa pili kitabu kimesahaulika na watu wanajadili mwalimu wa zamu.

Inamfaa nani. Madarasa makubwa, P6 na kuendelea. Chini ya hapo watoto huona kupingwa kama kutukanwa, na kinachoanzia ukumbini humalizikia uwanjani.

Rekodi ya sauti kwa simu

Nakala na vifaa. Simu moja ya mwalimu au mkutubi, kwani shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na yake. Nakala haijalishi.

Muda. Kila mtoto sekunde 90, si zaidi. Zidisha kabla hujafurahi: watoto 40 ni saa nzima ya kurekodi, na saa nyingine ya kusikiliza, ambayo ndiyo watu husahau kuipanga. Rekodi isiyosikilizwa na wenzake ni mtoto aliyezungumza na ukuta. Rekodi wanane kwa wiki, wasikilizwe Ijumaa.

Mtoto mkimya. Inategemea ukimya wake unatoka wapi. Anayeogopa macho ya watu huwa huru akiwa peke yake nyuma ya maktaba. Anayeogopa kukosea huganda zaidi, kwa sababu kosa limehifadhiwa. Mwonyeshe kwanza namna ya kufuta.

Lugha. Hapa rekodi inazipita zote. Haihitaji tahajia, na lugha isiyo na vitabu vingi inasikika sawasawa na Kiingereza. Mtoto wa familia ya Kongo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyaka II, anayesoma kwa Kiingereza na kucheza kwa Kiswahili, atasema kwa sekunde 90 asichoweza kuandika kwa wiki.

Kinachobaki. Faili ambalo linapotea siku simu inapojaa. Lihamishe kila mwezi.

Huharibika wapi. Mvua juu ya mabati inameza sauti yote, na upepo unafanya vivyo hivyo nje. Mahali pazuri ni chumba kidogo chenye nguo au magunia, simu ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isigonge maikrofoni. Mtoto akisoma karatasi utamjua kwa sauti iliyonyooka kama reli: mwachie maneno matatu tu kwenye kiganja. Kisha kuna faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto, na sauti ya mtoto ni taarifa yake. Pata saini kwanza, jina la kwanza litoshe, kijiji na shule visitajwe, na rekodi isiingie kwenye kundi la WhatsApp ambalo humjui kila mwanachama wake.

Inamfaa nani. Watoto wanaozungumza vizuri kuliko wanavyoandika, na vilabu viwili vya mbali vinavyotaka kusikilizana.

Kwa hali yako

Nakala moja, darasa la themanini, mwalimu mmoja: soma kwa sauti wiki nne, kisha mdahalo wenye kura mbili. Ukibaki na nguvu, chagua kura nane zenye sentensi za kushangaza, uwaite wenyewe kwenye duara Ijumaa. Usiwaambie wengine kwamba ni zawadi, la sivyo muhula ujao kila mtu ataandika ya kushangaza.

Klabu ya watoto 10 wanaokuja kila Jumamosi: duara, na daftari katikati ya wiki. Ya daftarini yasisomwe kwa sauti kwenye duara bila ruhusa ya aliyeandika.

Maktaba ambako hujui nani atarudi: daftari peke yake. Duara la watu wapya kila wiki hutumia muda wote kujuana.

Watoto wa umri uliochanganyika, P3 pamoja na P7: epuka mdahalo. Rekodi au duara la jozi, mkubwa na mdogo, na mdogo aanze kusema. Akianza mkubwa, mdogo atarudia.

S1 na S2 wa Kiswahili: anza na zile aya mbili za tafsiri ubaoni, kwa sababu hazihitaji kitabu kizima, halafu mdahalo wiki ya tatu. Adili na Nduguze kina Kiswahili kigumu kwa anayeanza, kwa hiyo soma kwa sauti na kueleza maneno, usiwape wakapambane nacho usiku.

Nyumbani: daftari la watu watatu, mzazi akiwa mmoja wao. Aandike kweli, pamoja na kitabu kilichomchosha na ukurasa aliokiachia.

P7 muhula wa tatu, PLE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi) ikikaribia: usianzishe kitu. Acha kitabu na daftari lake rafuni, ndani ya kaveera yao, kalamu ikining'inia kwa uzi. Wapo watakaopita na kuandika mistari miwili kabla ya kurudi kwenye hesabu.